Haidrolojia kwa Mwanafunzi wa Uhandisi Ujenzi: Shika Korongo Moja la Mwanza

Wanafunzi wengi wa uhandisi ujenzi wanafika kwenye haidrolojia, yaani somo la mwendo wa maji ya mvua na mito, wakitokea kwenye boriti na nguzo, ambako ukiingiza namba sahihi kwenye fomula sahihi jibu ni moja na mwalimu anaweka vema. Huku wanakuta somo ambalo watu watatu wanaoijua kazi wanakadiria mafuriko ya mto mmoja, wanatoka na namba tatu tofauti, na wote wanapewa maksi. Ndipo madesa yanapoanza kukaririwa: Horton (maji kuzama ardhini) kivyake, Gumbel (takwimu za mafuriko) kivyake, haidrografu (grafu ya mtiririko kwa muda) kivyake. Mtihani ukiisha, hakuna kinachobaki.

Ninachokushauri ni kuchagua korongo moja dogo karibu na unapokaa na kulisomea somo zima juu yake, mada kwa mada, tangu wiki ya kwanza mpaka UE, mtihani wa mwisho wa chuo. Mwanza imeumbwa kwa kazi hii. Vilima vya mawe viko kila upande, mabonde ni mafupi na yanaonekana kwa macho, mvua zipo za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na za masika kuanzia Machi hadi Mei, na chini kabisa kuna ziwa linalopokea kila kitu. Kama chuo chako kiko Dar au Mbeya na umerudi nyumbani likizo, anzia hapo hapo likizo.

Hatua ya 1: Chagua kidakio

Kidakio ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake yanaishia kutokea mahali pamoja. Kwa hiyo anza na hapo yanapotokea: tafuta kalvati au kidaraja ambacho unaweza kukifikia kwa miguu hata mvua inaponyesha, kisha panda juu ukiuliza maji haya yanatoka wapi. Chagua eneo lisilozidi kilomita moja ya mraba. Mto Mirongo wenyewe unaokatiza mjini ni mkubwa kwa kuanzia, na maji yake ni machafu. Chukua tawi lake mojawapo, au korongo lolote linaloshuka kutoka milimani upande wa Nyamagana au Ilemela.

Panda jiwe refu ulitazame eneo lako lote. Chora mpaka wake kwa penseli juu ya picha ya setilaiti uliyoichapa, ukifuata migongo ya vilima. Baadaye urudie kazi hiyo hiyo kwenye QGIS, ambayo ni programu ya bure ya ramani, kwa kutumia data za mwinuko za SRTM zilizopimwa kutoka angani mwaka 2000.

Mistari miwili haitalingana, na usiogope. SRTM ina vipande vya mita 30 kwa 30. Haioni tuta la barabara, haioni ukuta wa shule, haioni mtaro uliochimbwa miaka mitatu iliyopita. Mjini maji yanatii mtaro kuliko mlima. Kuna sehemu utakuta nusu ya mtaa imehamishiwa korongo jingine kwa sababu tu ya barabara moja ya lami. Jambo hilo utaliona kwa kutembea na mwavuli mvua ikinyesha, na ndilo linalotenganisha ramani ya mhandisi na ramani ya kompyuta.

Hatua ya 2: Vizio, mpaka vikutoke puani

Maksi nyingi za haidrolojia zinapotelea kwenye vizio. Kariri hiki kimoja tu: milimita 1 ya mvua juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000, yaani lita milioni moja. Sasa lijaribu kwenye ziwa. Ziwa Victoria lina takribani kilomita za mraba 68,800. Milimita moja ya mvua juu yake ni mita za ujazo milioni 68.8. Ukiweza kufanya hesabu hiyo kichwani ukiwa kwenye daladala, umeshavuka.

Hatua ya 3: Pima mvua yako

Chukua chombo chenye kuta zilizonyooka, kama kopo au chupa pana uliyoikata juu na kulaza sehemu iliyokatwa iwe faneli. Kitege mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya kimo cha mti au nyumba hiyo. Soma kila siku saa 3 asubuhi, maana ndio muda vituo vyetu vya hali ya hewa vinasoma, na mvua utakayoikuta iandike kwa tarehe unayoijua wewe na uishikilie hiyo hiyo kanuni. Nimeona daftari za watu wazima ambazo nusu ya mwezi imeandikwa kwa tarehe ya kusoma na nusu kwa tarehe ya kunyesha.

Takwimu za miaka mingi ziko Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na za mito ziko Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ofisi yake kuu iko hapa hapa Mwanza. Nenda na barua ya chuo, sema unataka kituo gani na miaka gani, na uende mapema, sio wiki ya kukabidhi kazi. Ukikwama, kuna makadirio ya setilaiti ya CHIRPS, ya bure, yanayoanzia mwaka 1981, kwa vipande vya kilomita 5 hivi. Yanafaa kwa picha ya mwezi na msimu. Kwa mtaro wako hayafai, na sababu utaiona hatua ya 6.

Hapa ndipo pa kuelewa kwa nini kipimamvua kimoja hakiwezi kusema kwa niaba ya eneo kubwa. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na mawingu ya radi yanajengeka huko. Upepo mkuu wa kutoka mashariki unayasukuma kuelekea magharibi. Ndiyo maana Bukoba inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka na Mwanza inapata kama nusu yake, ingawa ziwa ni lile lile. Mwalimu akikupa vituo vitano na kukutaka uchore pembenyingi za Thiessen, kumbuka kwamba Thiessen anagawa eneo kwa umbali tu. Hajui ziwa liko upande gani.

Hatua ya 4: Maji yanakopotelea

Hii ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote, na Usukumani unaweza kuisoma kwa miguu. Anza kileleni mwa kidakio chako. Jabali tupu halinywi maji hata kidogo. Mvua ikigonga inateremka. Chini ya mawe kuna udongo wa kichanga uliotokana na mawe hayo hayo kumomonyoka, ambao Wasukuma wanauita luseni. Huu unakunywa haraka. Shuka zaidi hadi bondeni utakuta mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mwisho wa kiangazi mbuga ina nyufa unazoweza kuingiza mkono, na mvua ya kwanza inazama yote humo. Udongo ukilowa unavimba, nyufa zinajifunga, na mvua ya tatu au ya nne yenye kiasi kile kile inatembea juu kama juu ya sakafu. Huyo ndiye Horton aliyeandika mwaka 1933 kwamba kasi ya maji kuzama inaanza kubwa kisha inapungua hadi kutulia.

Mpangilio huu wa udongo, kutoka mlimani hadi bondeni, ulipewa jina la katena na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Afrika Mashariki miaka ya 1930. Kwa hiyo unapojaza jedwali la namba ya mkunjo (ile CN ya Wamarekani, inayoonyesha ardhi inatiririsha mvua kiasi gani), usichague kundi moja la udongo kwa kidakio kizima. Kigawe mara tatu.

Jaribio: chukua kipande cha bomba pana la plastiki, kipigilie sentimita tano ardhini, mimina maji, weka rula na saa ya simu. Andika maji yameshuka milimita ngapi kila dakika mbili. Fanya kwenye luseni, fanya kwenye mbuga, fanya kwenye uwanja wa shule ambako watoto wanacheza mpira. Uwanja wa shule utakushangaza. Udongo uliokanyagwa miaka na miaka unakaribia saruji.

Ukitoka nje ya mji, angalia majaruba ya mpunga. Kila jaruba lina kingo zake na linashika maji ya sentimita kadhaa kabla ya kumwaga. Katika hesabu hilo ni hifadhi ya juu ya ardhi, kitu ambacho vitabu vingi vinakipa mstari mmoja.

Hatua ya 5: Pima maji yanayopita

Subiri siku mvua imekatika lakini korongo bado linatiririka. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 10 kando ya maji, tupa chungwa juu kidogo ya mstari wa kwanza na hesabu sekunde. Chungwa ni zuri kwa sababu linaelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi. Tuseme limetumia sekunde 12.5: kasi ya juu ni mita 0.8 kwa sekunde. Maji ya chini yanasuguana na sakafu ya korongo, hivyo zidisha kwa 0.85, unapata 0.68. Korongo lina upana wa mita 3 na kina cha wastani cha mita 0.4, eneo ni mita za mraba 1.2. Mtiririko ni mita za ujazo 0.82 kwa sekunde. Rudia mara kadhaa, chukua wastani.

Pima vilevile kina cha maji kwenye alama moja isiyohama, kama ukuta wa kalvati. Ukipata jozi za kina na mtiririko kwa siku mbalimbali, zichore: umeshatengeneza mkunjo wa kituo cha mto. Kuanzia hapo unasoma kina tu, mkunjo unakupa mtiririko. Vituo vya Bodi vinafanya kazi kwa kanuni hii hii.

Tahadhari mbili. Usiingie kwenye korongo lililojaa, hata likikufika magotini tu. Kasi ndiyo inayoangusha mtu. Na usisimame peku kwenye maji yaliyotuama kandokando ya ziwa, maana kichocho kipo na kinapenya kwenye ngozi. Vaa gambuti.

Kuna data nyingine ambayo hakuna ofisi itakayokupa: alama za mafuriko. Nenda kwenye nyumba na magenge ya karibu na kalvati, salimia vizuri, jieleze, ndipo uulize. "Shikamoo mama. Nasoma mambo ya maji, naomba kuuliza, maji yalishawahi kuingia humu?" Usiulize mwaka gani, watu hawaishi kwa miaka. Uliza ilikuwa kabla ya ukuta huu kujengwa au baada, mtoto huyu alishazaliwa? Wazee watakutajia Elnino ya 1997 na 1998. Mwenye nyumba atakuonyesha kwa kiganja ukutani, "yaliishia hapa," mara nyingi chini kidogo ya swichi ya taa. Pima kutoka sakafuni, piga picha ukiwa na futi kamba kwenye fremu, na kathibitishe nyumba ya pili. Alama mbili zinazolingana zina thamani kuliko kurasa kumi za hesabu.

Hatua ya 6: Kilele cha mafuriko

Sasa ile fomula ambayo kila mtu anaijua, Q = 0.278 × C × i × A, ambapo Q ni kilele cha mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde, C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa na A ni eneo kwa kilomita za mraba. Ni fomula fupi yenye mitego mirefu.

Chukulia kidakio cha kilomita za mraba 0.8, njia ndefu zaidi ya maji mita 1,400, mteremko 0.06. Kwanza tafuta muda wa mkusanyiko, yaani muda wa tone la mbali kabisa kufika kwenye kalvati. Kirpich wa mwaka 1940 anasema: 0.0195 × L^0.77 × S^-0.385, L ikiwa urefu wa njia kwa mita na S mteremko, jibu kwa dakika. Unapata dakika 15.

Dakika 15 maana yake mvua inayokuhusu ni ile kali ya dakika 15. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanachukua mvua ya siku nzima, tuseme milimita 60, wanagawa kwa saa 24, wanapata milimita 2.5 kwa saa. Wote tunajua mvua ya Mwanza hainyeshi hivyo. Inamwaga kwa nusu saa, jua linatoka. Tuchukulie milimita 25 kwa dakika 15, sawa na milimita 100 kwa saa.

C nayo usiichomoe kwenye jedwali kama bahati nasibu. Gawa eneo: asilimia 40 mawe na mabati kwa 0.85, asilimia 35 udongo uliokanyagwa kwa 0.5, asilimia 25 bustani na vichaka kwa 0.25. Jumla yake ni 0.58. Mitaa ya milimani inavyozidi kujaa nyumba, bustani inageuka bati na C inapanda, wakati kalvati chini linabaki lile lile.

Q = 0.278 × 0.58 × 100 × 0.8 = 12.9. Yule aliyegawa kwa 24 amepata 0.32. Mmoja anajenga kalvati la sanduku, mwingine anajenga mtaro wa kuvuka kwa hatua moja, na fomula ni ile ile.

Usiishie kwenye 12.9. Weka C ya 0.5 upate 11.1, weka 0.7 upate 15.6, na uandike majibu yote matatu. Kisha nenda kwenye kalvati lako halisi na upime. Ukikuta bomba moja la kipenyo cha milimita 900, lina eneo la mita za mraba 0.64, hata maji yakipita kwa mita 3 kwa sekunde, ni mita za ujazo 1.9 tu. Ungehitaji mabomba saba. Yaliyobaki yanapita juu ya barabara, na yule mama wa gengeni alishakuonyesha yanakofika. Kama alama yake inapingana kabisa na hesabu yako, ishuku hesabu kwanza.

Kwa vidakio vikubwa fomula hii haifai. Soma modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotengenezwa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza miaka ya 1970. Ni ya zamani, lakini ilijengwa kwa mvua na udongo wa huku kwetu.

Hatua ya 7: Takwimu na kipindi cha marudio

Mafuriko ya miaka 50 hayaji kila baada ya miaka 50. Maana yake kila mwaka yana nafasi ya asilimia 2, na daraja likikaa miaka 50 nafasi ya kukutana nayo angalau mara moja ni 1 − 0.98^50, karibu asilimia 64. Swali hili linarudi kila mwaka kwenye pepa. Gumbel fanya kwa mkono mara moja, baadaye tumia Excel.

Lakini kuna mtego wa kienyeji. Gumbel anadai kila mwaka ujitegemee. Kwa korongo lako ni sawa, maana mafuriko ya mwaka jana hayapo tena. Kwa kina cha Ziwa Victoria si sawa, kwa sababu ziwa lina kumbukumbu: mwaka huu linaanzia pale lilipoachwa mwaka jana. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda takribani mita 2.5, likachukua miaka mingi kushuka, likafika chini sana mwaka 2006, na mwaka 2020 likarudi kwenye viwango vya 1964. Ukichukua vilele vya kila mwaka vya ziwa ukavitupia Gumbel bila kufikiri, utapata namba nzuri isiyo na maana.

Hatua ya 8: Mizania ya ziwa

Ifanye ukiwa umechoka na korongo. Watu wengi, hata wa huku, wanadhani ziwa linajazwa na mito. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na kiasi kama hicho cha yanayotoka ni mvuke. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote unaoingia, na njia ya kutokea ni moja, mto Nile pale Jinja, ambako bwawa la Owen Falls lilikamilika mwaka 1954. Linganisha haidrografu tatu: ya Kagera, iliyonyooshwa na vinamasi na vimaziwa vya juu, ya Simiyu, inayopanda sana masika na kunywea kiangazi, na ya korongo lako, inayopanda na kushuka kabla hujamaliza chai.

Usanifu nao unabadilika. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 liko juu ya ghuba ya ziwa, hivyo cha kuuliza kwanza ni kina cha ziwa na mawimbi. Kwenye kalvati la mtaani unauliza dakika 15.

Hatua ya 9: Programu, mtihani na fildi

HEC-HMS (ya kugeuza mvua kuwa mtiririko) na HEC-RAS (ya mwendo wa maji mtoni) za jeshi la wahandisi la Marekani ni za bure. Zifungue baada ya kumaliza hatua ya 6 kwa mkono, ukiingiza korongo lile lile, ili programu ikikupa mita za ujazo 90 ujue mara moja kuna kizio kimekosewa. Kwa mtihani, fanya pepa za zamani huku ukijiuliza swali lile lingekuwaje kwenye kidakio chako. Na ukiacha dhana yoyote bila kuiandika, maksi zake zimekwenda.

Fildi omba mapema: Bodi ya Maji, MWAUWASA (maji ya mjini Mwanza), RUWASA (maji vijijini), TARURA (barabara za mijini na vijijini), TANROADS (barabara kuu). Wote wanagusa maji, kila mmoja kwa upande wake. TARURA ndio wenye makalvati ya mitaani, kwa hiyo ukipeleka barua yao ambatanisha ukurasa mmoja tu: ramani ya kidakio chako, alama za mafuriko, mtiririko uliopima na ule uliokokotoa, na kipenyo cha bomba ulilolikuta pale.